Jimbo la Barambah: miaka 51, wabunge watatu, na watu wa Barambah ambao hawakuwa na kura

Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba 2024 nilipiga kura yangu ya kwanza kama raia wa Australia, hapahapa Kingaroy, mji mdogo wa Queensland, ninapoishi na kufanya kazi, mwaka wa sita sasa. Nje ya kituo watu wanachoma soseji, wanazilaza kwenye slaisi ya mkate wanauza, ndani kuna vibanda vya maboksi na kila kibanda kina penseli. Penseli, sio kalamu. Nikaishika kwanza nikaiangalia. Halafu unaandika namba kwenye kila jina, 1 kwa unayemtaka zaidi, 2 kwa anayemfuata, mpaka majina yaishe, na kura huku ni lazima kisheria, Queensland walianza kulazimisha mwaka 1915 kabla ya sehemu nyingine yoyote ya Australia.

Kwenye foleni mbele yangu alikuwa jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, mkulima mstaafu wa karanga na mahindi. Kanipa mkono, kanipongeza, alafu akasema kitu ambacho kimenikaa kichwani mpaka leo. Anasema, mimi nimepiga kura mji huuhuu tangu kijana, lakini zaidi ya nusu ya maisha yangu sikuwa mtu wa jimbo la Nanango kama inavyosomeka kwenye hiyo karatasi, nilikuwa mtu wa Barambah. Wakaifuta.

Wakaifuta. Mi nimekulia Kongwa, mkoa wa Dodoma, na kwetu jimbo tumezoea linagawanywa, linazaa lingine, kama mwaka 2025 Dodoma Mjini ilivyomegwa ikazaliwa Mtumba, watu wanashangilia maana wamepata mbunge wao. Sasa jimbo kufutwa likabaki jina tu kwenye midomo ya wazee, hilo lilikuwa geni kwangu. Nikaanza kulifuatilia, na kadri nilivyofuatilia ndio nikaona hii sio habari ya mipaka tu.

Kabla sijaendelea niweke sawa maneno. Kiswahili kinatubana hapa, maana Queensland yenyewe tunaiita jimbo na eneo la mbunge nalo tunaliita jimbo. Kwa hiyo Queensland ntaiita steti kama tunavyosema sisi tulioko huku, na jimbo litabaki kuwa eneo la uchaguzi. Steti ina bunge lake, lenye nyumba moja tu kwa sababu ile ya juu waliifuta mwaka 1922, na mkuu wa serikali ya steti anaitwa Premier, ambaye ukitaka kumwelewa haraka mfikirie kama Waziri Kiongozi wa Zanzibar enzi zile. Jimbo la Barambah lilikuwa la bunge hilo la steti, sio la Canberra, yaani la nchi nzima.

Na niseme jinsi nilivyofika huku, maana inahusika. Nilikuja Kingaroy kufanya kazi kiwanda cha nyama ya nguruwe. Siku ya kwanza nateremka kwenye basi nikaona katikati ya mji maghala marefu ya saruji, marefu kuliko kanisa, kuliko kitu chochote hapo, nikauliza yale ya nini, nikaambiwa karanga. Na udongo mwekundu. Mwekundu ule wa kwetu, wa kushika kwenye soksi na usitoke hata ukifua mara tatu. Jioni nikampigia baba mdogo Kongwa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama? Huko wanalima nini?"

"Wanalima karanga, baba."

Akakaa kimya kidogo. "Karanga? Ina maana walipoharibu hapa wakazihamishia huko?"

Aliyekulia Kongwa hahitaji kuelezwa swali hilo limetoka wapi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Tanganyika, wakaanzia Kongwa, baadae Urambo na Nachingwea, walitaka mafuta ya kupikia baada ya vita. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500. Udongo ule mvua ikikata unakauka unakuwa tofali, majembe ya trekta yanavunjika, mibuyu haing'oki. Mwaka 1951 wakaacha, pauni milioni 36 zimekwenda. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliong'oa visiki, na mpaka anafariki alikuwa akisikia mtu ana mpango mkubwa anauliza kwanza, umeshapima mvua?

Nikamjibu baba mdogo hapana, hawa walikuwa wanalima karanga kabla, bodi yao ya kuuza karanga ipo tangu 1924. Ila kuna kitu sikukijua siku ile. Shirika lileile la Uingereza lililokuja kuusimamia mpango wa Kongwa, Overseas Food Corporation, mwaka 1948 liliungana na serikali ya Queensland kulima mtama kwenye maeneo ya katikati ya steti hii, ule mradi nao haukudumu, ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na serikali iliyoshirikiana nao, ya chama cha Labor chini ya Ned Hanlon, ndio hiyohiyo iliyoleta jimbo la Barambah duniani. Nilipoliona hilo nilikuwa kwenye chumba cha kupumzikia kazini, chai imepoa mkononi, nikasema huyu Hanlon anatuhusu hata sisi.

Mwaka 1949 serikali ya Hanlon ilipitisha sheria mpya ya majimbo. Viti vikaongezwa kutoka 62 hadi 75, na steti ikagawanywa kanda nne: Brisbane, mji mkuu wa steti, na viunga vyake viti 24, kusini mashariki 28, kaskazini 13, magharibi 10. Na hapa ndipo pa kuangalia kwa makini, maana kila kanda ilikuwa na kiwango chake cha wapiga kura. Jimbo la magharibi, kule kwa ng'ombe na kondoo, lilihitaji wapiga kura chini ya nusu ya jimbo la Brisbane. Yaani mchunga kondoo mmoja kura yake ina uzito wa watu wawili wa mjini na kitu juu. Hoja yao ilikuwa umbali, kwamba mbunge wa porini anatembea sana. Kuna ukweli ndani yake, mi nimeendesha gari huko masaa matatu bila kukutana na duka. Lakini ukweli mwingine ni kwamba wakati ule vibarua wengi wa porini na wachimba migodi walikuwa watu wa Labor. Uchaguzi wa Aprili 1950, wa kwanza kwa mipaka hiyo, Labor walipata kura chini ya nusu na viti 42 kati ya 75.

Naliweka hili mbele kwa makusudi. Watu wengi huku ukiwaambia mipaka ya Queensland ilikuwa ya dhuluma watakutajia jina moja tu, la Joh, mkuu wa serikali wa baadae ambaye nitamweleza punde. Joh alikikuta kisu kimeshanolewa. Waliokinoa ni wapinzani wake, wakidhani watakishika wao milele.

Barambah likazaliwa 1950 kwenye mgawanyo huo, South Burnett, eneo la Kingaroy na miji midogo ya jirani. Sehemu hiyo kabla yake ilikuwa jimbo la Nanango, na mbunge wa Nanango tangu 1947 alikuwa mkulima wa karanga mwenye jina la Kidenmark, Johannes Bjelke-Petersen, ambaye nchi nzima ilikuja kumwita Joh. Mipaka ilipobadilika akahamia Barambah na hakutoka tena mpaka Desemba 1987.

Mtu huyu lazima nimweleze vizuri, maana usipomwelewa Joh huwezi kuelewa kwa nini wazee wa hapa wanaitaja Barambah kwa sauti ile. Alizaliwa 1911 New Zealand, baba yake mchungaji wa Kilutheri, wakahamia shamba karibu na Kingaroy akiwa mtoto wa miaka miwili. Akaugua polio, ikamwachia mguu wa kuchechemea. Shule aliacha akiwa na miaka 14. Ujana wake aliishi miaka kama 15 kwenye banda lililokuwa la kukamulia ng'ombe, akifanya kazi ya kuvunia watu karanga, siku nzima na nusu ya usiku. Pesa akaipata kwenye kufyeka pori. Alikuwa anachukua mnyororo mzito, ule wa nanga ya meli, kila ncha anaifunga kwenye buldoza moja, buldoza mbili zinakwenda sambamba, na chochote kilicho katikati kinalala chini.

Hapo nilisimama kusoma. Kwa sababu mnyororo wa nanga kati ya buldoza mbili ni hadithi ya Kongwa! Huko nako lile wazo la mnyororo lilikuja, walipokuwa wanashindana na pori. Karanga zilezile, udongo mwekundu uleule, miaka ileile. Mmoja akatoka na utajiri na kiti cha ubunge, kwingine wakabaki na vyuma chakavu na vibarua kama babu wakarudi kulima mtama wao. Tofauti hapo sio akili, naamini hivo kabisa. Joh alilijua pori lake na mvua zake kwa sababu alikulia humo, wale wa London walikuwa wanafuata hesabu.

Mwaka 1957 Labor wakagombana wenyewe kwa wenyewe, waziri kiongozi wao Vince Gair akafukuzwa chama, serikali ikaanguka, chama cha Country cha wakulima kikaingia na Liberal wakiwa washirika wadogo. Joh akawa waziri 1963. Julai 1968 waziri kiongozi Jack Pizzey akafariki ghafla, na tarehe 8 Agosti mkulima wa karanga wa Barambah akawa mkuu wa serikali ya Queensland. Akakaa miaka 19, na mpaka leo hakuna aliyeifikia.

Sasa akakishika kile kisu. Mgawanyo mpya wa majimbo ulipokuja, viti 82, kanda nne bado lakini zimepangwa upya, angalia matokeo ya 1972: Labor kura kama asilimia 47, viti 33. Country, chama cha Joh, asilimia 20, viti 26. Liberal asilimia 22 na ushee, viti 21. Kaa nayo kidogo hiyo. Chama cha tatu kwa kura ndio kimetoa waziri kiongozi. Na 1986, wakati viti vimefika 89 na chama kimeshabadili jina kuwa National, walipata asilimia 39 na nusu hivi wakachukua viti 49, wakatawala peke yao. Waaustralia wakatunga neno kabisa, Bjelkemander, kutoka kwenye jina lake na gerrymander, neno la Kiingereza la kupindisha mipaka ya majimbo.

Haki yake nimpe pia, maana jirani yangu ananikumbusha kila tukikaa barazani. Mwaka 1974 Joh alishinda kwa kura kweli, Labor wakabaki na wabunge 11 tu. Na hapa Barambah hakuhitaji hila yoyote, watu wa hapa walimpenda. Jirani anasema ukipiga simu nyumbani kwa Joh kuhusu barabara ya shambani kwako anapokea mwenyewe, au anapokea mkewe Flo, ambaye baadae alikuwa seneta na sifa yake kubwa ilikuwa maandazi ya boga. Mbunge wa hivyo hata kwetu angekaa miaka arobaini.

Ila mkono wa serikali yake ulikuwa mzito. Mwaka 1971 timu ya raga ya Afrika Kusini, ya makaburu watupu, ilipokuja kucheza Brisbane na watu wakaandamana, Joh alitangaza hali ya hatari steti nzima, mwezi mzima. Wakati huo Kongwa kwetu kulikuwa na makambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wazee wetu waligawana nao maji. Mwaka 1977 akapiga marufuku maandamano ya kisiasa barabarani, watu kwa mamia wakakamatwa. Jambo hilo linaniuma kila nikisoma, na jirani yangu anajua linaniuma, hatubishani tena, kila mtu kashasema lake.

Lakini kilichonikaa rohoni zaidi ya Joh ni jina lenyewe. Barambah.

Kama kilomita hamsini kaskazini mwa Kingaroy, karibu na Murgon, kuna mji mdogo unaitwa Cherbourg. Jina hilo ulipewa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kabla ya hapo uliitwa Barambah, kwa jina la kijito kinachopita hapo, Barambah Creek. Ilikuwa makazi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Na nikisema makazi usifikirie kijiji cha watu kilichoota chenyewe. Chini ya sheria ya Queensland ya 1897 serikali ilikuwa na uwezo wa kumtoa Mwaborijini popote alipo na kumpeleka itakapo, na kuanzia 1904 Barambah ilikuwa mikononi mwa serikali, watu wakaletwa kwa maelfu kutoka kila pembe ya steti, makabila tofauti, lugha tofauti, kwenye ardhi ya Wawakka Wakka. Watoto wakatenganishwa na wazazi wakalala mabwenini, wasichana kwao, wavulana kwao. Kuoa unaomba ruhusa. Kutoka unaomba ruhusa. Mshahara wako wa kibarua kwenye shamba la mzungu unashikwa na serikali, ukitaka pesa yako mwenyewe unaomba.

Nilikwenda mwaka jana. Lile banda walilokuwa wanagawiwa posho ya chakula, unga, sukari, majani ya chai, limefanywa makumbusho na watu wa hapo wenyewe. Kuna karatasi za ruhusa ukutani. Niliisoma moja kwa muda mrefu. Jina, anakokwenda, siku ngapi, sahihi ya msimamizi. Nikamkumbuka babu na kipande chake, kile kikadi cha kibarua ambacho bila hicho hulipwi na ukikipoteza ni balaa. Lakini babu siku ya mwisho kipande kilipojaa alikwenda kwake. Hawa hapa ndio kwao, na hawaruhusiwi kutoka. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatuzungusha aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema karibu mwanangu, kaa, usisome umesimama.

Hapo ndipo alipotoka Eddie Gilbert, mrusha mpira wa kriketi ambaye Novemba 1931 alimtoa Don Bradman bila hata ranzi moja. Wasomaji wa Kenya na Uganda mtaelewa uzito wa hilo, Bradman ndio mpigaji bora aliyewahi kutokea duniani. Mtu wa kumtoa Bradman kwa sifuri alikuwa akitaka kusafiri kwenda kucheza lazima aandikiwe ruhusa.

Na kura? Waaborijini wa Queensland walipata haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi wa steti mwaka 1965, Queensland ikiwa steti ya mwisho kuwapa. Uchaguzi wa kwanza walioshiriki ukawa wa Mei 1966. Sasa panga miaka. Jimbo la Barambah limeanza 1950. Miaka 15 yote, uchaguzi baada ya uchaguzi, jimbo limebeba jina la Barambah, na watu ambao serikali ilikuwa imewaweka mahali paitwapo Barambah hawana kura ndani yake. Tunahesabu uzito wa kura ya mchunga kondoo na ya mtu wa mjini, mmoja ana mbili mwingine ana moja, tunalalamika, na ni haki kulalamika. Ya mtu wa Cherbourg ilikuwa sifuri, na kwenye mijadala ya mipaka niliyosoma mtu huyo hatajwi. Mimi naona hiyo ndio historia ya jimbo hili kabla ya Joh na baada ya Joh.

Mwisho wake ulianza na televisheni. Mei 1987 mwandishi Chris Masters wa ABC, shirika la utangazaji la Australia, alirusha kipindi kuhusu rushwa ya polisi wa Queensland, madanguro na kamari, na gazeti la Courier-Mail kupitia Phil Dickie lilikuwa limeshachimba habari hizo kwa miezi. Joh alikuwa safarini. Naibu wake Bill Gunn, akikaimu, akaunda tume chini ya mwanasheria Tony Fitzgerald. Joh aliporudi gari lilikuwa limeshateremka mlima halina breki. Chama chake mwenyewe kikamgeuka na tarehe 1 Desemba 1987 akaachia uwaziri kiongozi na ubunge siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata aliposimama mbele ya tume akaulizwa maana ya mgawanyo wa madaraka kati ya bunge, serikali na mahakama. Hakuweza kueleza. Miaka 19 mkuu wa serikali.

Barambah ikabaki wazi, na Aprili 1988 ukafanyika uchaguzi mdogo. National wakamsimamisha Warren Truss, mtu wa hapa Kingaroy, kiti kinaonekana cha kuokota. Akashindwa! Akashinda Trevor Perrett wa kikundi kidogo kinaitwa Citizens Electoral Council, watu walikuwa na hasira na chama kwa kumfukuza mzee wao. Kabla mwaka haujaisha Perrett akahamia National. Na Truss naye hakupotea, aliingia bunge la Canberra 1990 na akaja kuwa naibu waziri mkuu wa Australia.

Ripoti ya Fitzgerald ilitoka Julai 1989, ikasema pamoja na mengine kwamba mipaka ya majimbo iangaliwe upya na chombo huru. Desemba Labor wa Wayne Goss wakashinda, kwanza tangu 1957. Tume mpya ikapita ikikusanya maoni steti nzima, na uchaguzi wa 1992 ukafanyika bila kanda, kura moja thamani moja, isipokuwa majimbo machache makubwa kupindukia, yale ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000, ambayo yaliachiwa nafuu kidogo. Barambah ilivuka salama. Perrett alifika hadi kuwa waziri wa kilimo. Kisha Juni 1998 likaja wimbi la One Nation, chama cha mrengo wa kulia cha Pauline Hanson, wakachukua viti 11, kimojawapo Barambah, kwa mama anaitwa Dorothy Pratt, ambaye baada ya muda mfupi alikihama chama akawa mbunge huru.

Na mgawanyo wa 1999 ukalifuta. Hakukuwa na kisasi wala njama, na hilo ndilo jirani yangu hataki kulikubali. Watu walikuwa wanajaa kusini mashariki, pwani na Brisbane, na ukishasema kila kura ipimwe sawa basi vijijini viti vinapungua, hakuna njia nyingine. Uchaguzi wa Februari 2001 Kingaroy ikarudi Nanango ilikotoka 1950, Pratt akagombea huko kama mgombea huru akashinda, akakaa mpaka 2012. Barambah kwisha. Miaka 51, watu watatu: Joh, Perrett, Pratt.

Joh alifariki Aprili 2005 hapahapa Kingaroy, akazikwa shambani kwake. Karibu na Murgon kuna bwawa limepewa jina lake, ukuta unaitwa Bjelke-Petersen Dam, na maji yaliyozuiwa nyuma ya ukuta yanaitwa Lake Barambah. Mara nyingine Jumapili tunakwenda kuvua hapo mimi na rafiki zangu Wakongomani wanaotoka Toowoomba, tunaongea Kiswahili chao na changu mpaka jua linazama.

Mwezi uliopita nilimpelekea jirani karanga mbichi nilizochemsha na chumvi kama tunavyofanya kwetu. Alikuwa ametoa kwenye droo ramani ya zamani ya majimbo, imekunjwa mara nane, mikunjo imeungwa kwa selotepu iliyogeuka njano. Akanionyesha Barambah kwa kidole, huku Kingaroy, huku Wondai, huku Murgon. Akaniambia alipiga kura ya kwanza 1960 akiwa na miaka 21, maana ndio umri wa sheria wakati ule, na hajakosa uchaguzi hata mmoja.

Nikamuuliza, mzee, unakumbuka mara ya kwanza kuwaona watu wa Cherbourg kwenye foleni ya kura?

Akatoa karanga moja kwenye ganda, akaishika, hakuila. Akafikiri muda mrefu. Akasema, sikumbuki. Alafu akasema, sikuwahi kuangalia.